Ustadi wa Kuifunga Flava

Mtafiti anafungua ukurasa wa kuomba seva mpya, anashusha orodha, anaona flava sita. Mwenzake wa meza ya pili, anayefanya kazi chini ya mradi mwingine, anafungua ukurasa uleule na kuona nane. Kati yao hakuna aliyeona kufuli, wala maandishi mekundu, wala ujumbe wa kumwambia amenyimwa kitu. Kazi yangu ni ya mawingu binafsi, na tofauti ya flava mbili kama hiyo hunifanya nisimame nitazame. Nyuma yake kuna mtu aliyepima, akakata, akafunga, kisha akaenda kuhakikisha kwa macho ya wengine kwamba kufuli limeshika.

Programu ninayoizungumzia ni OpenStack. Ilianza mwaka 2010, pale NASA na kampuni ya Rackspace zilipounganisha nguvu, na tangu hapo taasisi yenye seva zake inaweza kuzifanya wingu lake yenyewe, watu wake wakajichukulia mashine pepe bila kumsubiri fundi. Sehemu inayoziumba mashine hizo inaitwa Nova. Kwa Nova, mtumiaji hatamki anataka kori ngapi na RAM kiasi gani. Anachagua flava, yaani mpango uliokwisha kupimwa: kori kadhaa, RAM kadhaa, diski kadhaa. Kwa miaka mingi Nova ilikuja na flava tano za kuanzia. Ndogo kabisa, m1.tiny, ilikuwa na kori moja, RAM ya MB 512 na diski ya GB 1, na kubwa kabisa, m1.xlarge, ilikuwa na kori 8, RAM ya MB 16,384 na diski ya GB 160. Mwaka 2016 zote tano ziliondolewa, na kila msimamizi akaachiwa apime za kwake. Naona walifanya vyema. Flava iliyopimwa na mtu asiyezijua seva zako haiwezi kukaa sawa juu yake.

Kupima kwenyewe ni kazi ya fundi cherehani anayepanga vipande juu ya kitambaa kabla hajashika mkasi. Tuchukue seva moja yenye kori 64, RAM ya GB 512 na kadi nne za GPU. Asiye mzoefu atagawanya kwa nne na kuridhika: kori 16, GB 128, kadi moja. Hesabu inatimia, ila amesahau kwamba seva nayo inahitaji kori na RAM za kujiendesha. Mzoefu atakata kori 15 na GB 120 kwa kila kadi. Mashine nne zikishakaa zimechukua kori 60 na GB 480. Zimebaki kori 4 na GB 32 za seva yenyewe, na kila kadi imepata kori na RAM za kuilisha. Kinachomkosesha usingizi msimamizi wa wingu lenye GPU ni kadi iliyokwama: kori za seva yake zimekwisha kuchukuliwa na mashine nyingine, kadi ipo, imelipiwa, inakula umeme, na hakuna awezaye kuitumia.

Baada ya kukata, inabaki kuamua nani aione. Mtu wa nje atadhani hilo ni kazi ya mgao. Kila mradi si una kikomo chake? Unacho. Mradi mpya usiopangiwa chochote hupewa na Nova mashine 10, kori 20 na RAM ya MB 51,200. Tazama lakini kile ambacho mgao huo wa asili hauhesabu: GPU hazimo. Mradi uliopewa kori 200 kwa ajili ya tovuti na hifadhidata zake ungeweza kuzitumia kori hizohizo kuchukua kadi kumi, na mgao usiseme neno, kwa kuwa kwake hizo ni kori tu. Matoleo ya karibuni yameanza kuleta njia za kuhesabu rasilimali kama hizi, ila mawingu mengi yalikwisha kujengwa juu ya ulinzi wa zamani: flava yenye GPU haionekani na mradi usiohusika. Ndiyo maana wasimamizi huitendea kazi ya kuifunga flava kwa uangalifu ambao mgeni anaweza kuuona umezidi.

Mtazame akiiumba. Flava ya Nova ikizaliwa bila maelekezo huwa ya wote. Neno la kuifanya ya faragha linaandikwa pale pale kwenye amri ya kuiumba, na likisahauliwa halirudishiki: Nova haina njia ya kuichukua flava iliyozaliwa ya wote na kuigeuza ya faragha. Ukijaribu kuiorodheshea mradi mmoja tu, inakataa, kwa hoja kwamba flava ya wote haina orodha ya walioruhusiwa. Dawa iliyobaki ni kuifuta na kuumba nyingine, na kwa kuwa majina ya flava hayarudiwi, ukitaka zote mbili ziishi kwa muda itabidi mpya ipewe jina jingine. Kwa hiyo wasimamizi wazuri hawaandiki amri hiyo kwa mkono. Wanaiweka kwenye faili, neno la faragha likiwa sehemu ya kiolezo, na mwenzao anaisoma faili hiyo kabla haijagusa wingu. Ni sekunde chache tu kati ya flava kuzaliwa na mtu kuiona, lakini kwenye wingu lenye watumiaji wengi sekunde hizo zinatosha, hasa pale ambapo kinachoomba mashine si binadamu bali ni programu inayosoma orodha ya flava mfululizo.

Flava ikishazaliwa ya faragha, bado si ya mtu yeyote. Sasa inaandikiwa miradi, mmoja mmoja. Ruhusa hutolewa kwa mradi, hapewi mtu, na hilo napenda mtu alitafakari kidogo. Mtafiti akihama kikundi, hakuna ruhusa ya kumfuata wala ya kukumbuka kumnyang'anya. Anapotoka kwenye mradi ameiacha mlangoni. Mgeni akiingizwa kwenye mradi, anaikuta. Ubaya wake ni kwamba mradi uliojaa watu wasiohusiana unampa kila mmoja wao kila kitu. Ndiyo maana kabla ya kuandika jina la mradi kwenye orodha ya flava ya GPU, msimamizi makini huuliza kwanza mradi huo ni wa nani, una watu gani, na kama haufai kugawanywa kwanza.

Halafu kuna kuhakiki, na hapa ndipo ninapowatambua mafundi. Macho ya msimamizi hayafai kwa kazi hii. Akiorodhesha flava kwa akaunti yake bila kusema anataka zote, Nova humwonyesha za wote pamoja na zile ambazo mradi wake mwenyewe umeruhusiwa. Flava aliyoifunga dakika iliyopita haimo, naye anaweza kudhani imepotea. Akiitafuta moja kwa moja kwa kitambulisho chake, anaiona, kwa sababu yeye huona kila kitu, na hapo anaweza kudhani iko wazi. Njia zote mbili zinampotosha. Kwa hiyo anatoka, anaingia kwa akaunti ya mtumiaji wa kawaida iliyo kwenye mradi ulioruhusiwa, anaorodhesha: ipo. Anatoka tena, anaingia kwa akaunti ya mradi usioruhusiwa, anaorodhesha: haipo. Wengi wangeishia hapo. Yeye anakinakili kitambulisho cha flava na kuiomba moja kwa moja kwa kitambulisho hicho kutoka kwenye mradi huo wa nje, kwa sababu kutoonekana kwenye orodha na kutofikika ni mambo mawili. Jibu analolitaka ni lile la 404, kwamba hakuna kitu kama hicho.

Hiyo 404 imechaguliwa kwa busara. Mfumo ungeweza kujibu kwamba flava ipo ila wewe huruhusiwi, na kwa kujibu hivyo ungekuwa umethibitisha kwamba ipo. Kwenye wingu ambalo wapangaji wake ni idara zinazoshindana, au wateja wasiopaswa kujuana, jina la flava peke yake linaweza kusema mengi: nani kanunua mashine gani, kwa kazi gani. Walioiandika Nova wamemnyima mgeni hata habari hiyo.

Ila kufunga mlango wa kuingilia hakutoshi. Flava ya GPU inapaswa kuelekea kwenye seva zenye GPU, na kwa hilo msimamizi huzikusanya seva hizo katika kundi, akalipa kundi alama, kisha akaandika alama ileile kwenye sifa za ziada za flava. Programu inayochagua seva ya kuweka mashine, ikikuta alama kwenye flava, inatafuta kundi lenye alama hiyo. Inaonekana imekamilika. Lakini alama hiyo inafanya kazi upande mmoja tu. Inailazimisha flava ya GPU iende kwenye seva za GPU. Haizuii flava nyingine yoyote kwenda huko. Flava ya kawaida isiyo na alama haiulizwi kitu. Mashine za tovuti na za majaribio zitatua juu ya seva zile za bei kubwa, zitakula kori zile 60 ulizozipigia hesabu, na kadi nne zitabaki zimekwama kama nilivyosema. Anayesoma mipangilio hataona kosa: flava imefungwa, kundi lipo, alama zimeandikwa. Kosa limekaa kwenye flava nyingine zote, ambazo hakuna aliyezigusa.

Mafundi wa zamani walilitatua hilo kwa kuzipa alama flava zote, za kawaida nazo zikapewa kundi lao, ili pasiwepo na isiyo na kwao. Ni kazi ndefu inayohitaji nidhamu, kwa sababu flava moja ikizaliwa bila alama, uzio mzima umetoboka. Tangu toleo la Train la mwaka 2019, Nova inaweza kuambiwa kwamba kundi lenye sifa fulani lipokee tu mashine zilizoitaja sifa hiyo, na isiyoitaja ipite mbali. Ninaposoma mipangilio ya wingu nisilolijua, hapo ndipo ninapotazama kwanza. Mtu aliyekumbuka kuufunga upande wa pili amekwisha kunieleza jinsi anavyofikiri.

Nalinganisha haya na jukwaa jingine, Cloud Foundry, lililotoka VMware mwaka 2011. Huko kinachogawiwa kwa mipango si mashine bali ni huduma: hifadhidata ya ukubwa huu, foleni ya ujumbe ya ukubwa ule. Waliolijenga walichagua kinyume cha Nova. Wakala wa huduma, yaani programu inayozileta huduma hizo kwenye jukwaa, akisajiliwa na msimamizi kwa ajili ya jukwaa zima, mipango yake yote huzaliwa imefungwa, na haionekani na mtu wa kawaida mpaka msimamizi aifungue, ama kwa wote, ama kwa shirika moja moja ndani ya jukwaa. Ukisahau, hasara yake ni mtu kulalamika kwamba haoni kitu. Kwa Nova, ukisahau, hasara yake ni mtu kuchukua asichopaswa kuchukua, naye hatalalamika. Mimi niko upande wa Cloud Foundry katika hili, bila kusita. Chaguo la msingi linapaswa kukosea upande ule ambao kosa litajitangaza lenyewe.

Hata hivyo, fundo la Nova lipo huko pia, kwa sura nyingine. Mpango uliofunguliwa kwa mashirika yote hauwezi kufungwa kwa shirika moja tu. Ni lazima kwanza uufunge kwa wote, kisha uwafungulie wanaostahili mmoja mmoja. Kati ya hatua hizo mbili kuna dakika ambazo hakuna awezaye kuunda huduma mpya kwa mpango huo, ila huduma zilizokwisha kuundwa zinaendelea bila kutikisika. Nimewaona wasimamizi wakiiandaa kazi hii kama wauguzi wanaoandaa vyombo: orodha ya mashirika imekwisha kutolewa na kuhifadhiwa, amri za kufungua zimepangwa chini ya amri ya kufunga, na kila kitu kinapitishwa kwa mkupuo mmoja ili dakika zile ziwe sekunde.

Kwa ukubwa wa kazi yenyewe, mfano ninaourudia ni CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na Geneva. Wingu lao la OpenStack liliingia kazini Julai 2013 na likakua mpaka kupita kori 300,000. Sehemu kubwa ya kori hizo huchakata data za majaribio yanayofanyika kwenye LHC, mtambo wao wa kugonganisha chembe. Zilizobaki zinaendesha huduma za kituo na kazi za watu binafsi. Mwanafizikia aliyefika jana anaweza kujiombea mradi wake binafsi wenye mgao mdogo na kupata mashine ya kujaribia programu yake, na hawezi kwa bahati mbaya kujikuta amekaa juu ya vifaa vilivyonunuliwa kwa ajili ya jaribio zima. Waliligawa wingu hilo katika seli, nyingi zikiwa na seva kama 200 hivi kila moja, ili seli ikiugua isiuguze nyingine, na miradi huelekezwa kwenye seli zinazoifaa. Kwa ukubwa huo huwezi kumfahamu kila mtumiaji kwa jina. Uamuzi wa nani aone nini lazima ukae ndani ya mfumo, uandikwe mara moja na usomeke na yeyote atakayeshika zamu.

Pamoja na kuusifu ufichaji huu, kuna jambo moja linalonikera katika mawingu mengi. Mtu asiyeiona flava hajui kwamba ipo, na asiyejua haombi. Anaishi na mashine isiyomtosha, programu yake ikichukua wiki mahali pa saa, akiamini wingu la taasisi yake ndivyo lilivyo. Kisha siku moja anapita nyuma ya kiti cha mwenzake na anamwandikia msimamizi: "Kaka, mbona fulani ana flava ya GPU na mimi sina?" Msimamizi mvivu atamjibu kwamba mradi wake hauruhusiwi. Mwenye moyo wa kazi atamuuliza: "Dada, niambie unafundisha modeli ya ukubwa gani, data yako ni kiasi gani, na unahitaji kadi kwa muda gani." Mara nyingi majibu yake yanaonyesha kwamba anachohitaji si GPU bali RAM zaidi, na flava ya RAM kubwa ilikuwepo muda wote bila yeye kujua. Kwa wapangaji wasiopaswa kujuana, 404 ibaki kimya ilivyo. Ndani ya taasisi moja, flava zifungwe kwenye mfumo, lakini ziandikwe waziwazi kwenye mwongozo wa watumiaji: jina, vipimo, seva zilipo, masharti ya kuipata na mtu wa kumwandikia.

Sehemu ya mwisho ya ufundi huu ni kustaafisha. Kadi zimezeeka, seva mpya zimefika, flava ya zamani haitakiwi kuchukuliwa tena. Mtu mwenye wasiwasi ataogopa kwamba akiifunga atawaangusha waliomo. Haiko hivyo. Nova huweka nakala ya vipimo vya flava ndani ya kumbukumbu za kila mashine inapoundwa. Ukiuondoa mradi kwenye orodha ya walioruhusiwa, mashine zake zinaendelea. Ukiifuta flava yenyewe, zinaendelea pia, kwa sababu kila moja imebeba vipimo vyake. Na tangu 2017 mtumiaji anayeuliza habari za mashine yake kwa toleo jipya la API huonyeshwa vipimo hivyo moja kwa moja, badala ya kiungo cha kuelekea flava ambayo huenda haipo tena.

Kwa hiyo fundi hana haraka. Anaumba flava mpya, ya faragha, kwa jina jipya, na kuiandikia miradi ileile. Anaihakiki kwa akaunti zake mbili. Anawaandikia wenye miradi kuwapa tarehe. Siku ikifika anaiondoa miradi kwenye orodha ya flava ya zamani, mmoja mmoja, akianza na ile isiyo na mashine hata moja juu yake, na kuanzia hapo hakuna mashine mpya itakayozaliwa kwa vipimo vile. Zilizopo zinahamishwa na wenyewe kwenda flava mpya kwa wakati wao, au zinamaliza kazi na kufutwa. Seva za zamani zinapungua mizigo wiki hadi wiki. Mashine ya mwisho ikiondoka, anaifuta flava, anaivunja alama ya kundi, anazitoa seva kwenye wingu, na kwenye ukurasa wa mwongozo anaandika tarehe mbele ya jina la flava hiyo.